Feni Iliyopuliza Kinyume

Lukresia Ndaki hakumheshimu mtu asiyejua kushika bisibisi, na kwa kuwa wanaoijua mjini Bariadi ni wa kuhesabu, alikuwa ameishi hapo miaka kumi na tisa bila kumheshimu karibu mtu yeyote. Mwenyewe hakuona kama ni ubaya. Aliona ni hesabu tu.

Alizaliwa Nyalikungu, Maswa, mtoto wa tatu wa fundi cherehani ambaye alikuwa akitengeneza na redio. Baba huyo alimfundisha mambo mawili: kusafisha kitu kabla ya kukifungua, na kusonya. Mteja akileta redio aliyoichokonoa mwenyewe kwa kisu cha jikoni, mzee Ndaki alisonya kwanza, ndipo akaipokea. Lukresia alirithi ule msonyo ukiwa mzima. Mumewe alipokwenda Geita kutafuta dhahabu na kusahau kurudi, hakumtafuta. Alisema mwanaume aliyechomeka plagi ya pasi akaunguza soketi mara tatu, hata dhahabu akiiona ataikanyaga.

Kazi yake ilikuwa ufundi mitambo katika kituo kidogo cha redio, vyumba vitatu nyuma ya ghala la pembejeo. Kituo kizima kiliendeshwa na kompyuta moja ya mezani. Nyimbo zilitoka humo, matangazo ya biashara humo, matangazo ya vifo humo, na hata sauti ya mtangazaji ilipita humo kabla ya kupanda mnarani. Kompyuta ikizima, mkoa ulibaki unasikiliza mvumo mtupu.

Mwaka huo walikuwa wameletewa meneja mpya, Joakim, kijana mnene mwenye tai ndefu iliyomning'inia hadi chini ya mkanda kama kamba ya ndama iliyokatika. Joakim aliliita kasha lote la kompyuta "sipiyu". Mara ya kwanza kumsikia, Lukresia alimweleza kwa upole, upole aliokuwa nao siku hiyo, kwamba hilo ni kasha, na sipiyu, yaani prosesa, ni kidude kidogo cha ndani, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea. Joakim akacheka, akasema, "Dada Lukresia, tusigombanie majina." Tangu siku hiyo Lukresia akamweka kwenye fungu la mume wake.

Mwezi wa sita feni ya prosesa ilianza kunguruma kama jiwe la kusagia. Ilikuwa imechakaa. Lukresia akafungua kasha, akachukua rula, akapima kutoka juu ya prosesa hadi kwenye kifuniko cha ubavuni. Sentimita kumi na tano kasoro kidogo. Akaandika kwenye karatasi: inunuliwe feni mpya pamoja na mapezi yake ya alumini ya kutawanya joto, kimo kisizidi sentimita kumi na nne, taa si lazima. Akaipeleka ofisini. Joakim aliiwekea kikombe cha chai juu yake, na kikombe hicho kilikaa hapo siku nne.

Siku ya tano Joakim alikuja anang'aa. Alikuwa ameona kwenye simu yake kitu ambacho, kwa maneno yake, kinatumiwa na vituo vikubwa duniani. Akakiagiza Mwanza, na kikaja na mtu wa kukifunga.

Mtu huyo aliitwa Nyanda. Alifika na miwani myeusi, ambayo hakuivua hata ndani ya chumba kisicho na dirisha, na alishika bisibisi kwa vidole viwili kama anataka kusaini hundi. Alichokileta kilikuwa mnara wa mapezi wenye mabomba ya shaba, mrefu kama chupa ya uji, na feni moja yenye taa zilizogeuka nyekundu, kijani na buluu. Joakim alisimama nyuma yake mikono kiunoni, kama baba wa bwana harusi.

Lukresia alivuta kiti akakaa. Hakuna aliyemwambia asaidie, naye hakujipendekeza.

Aliona kila kitu. Aliona Nyanda akifuta pesti ya zamani, ile dawa ya kupitisha joto, kwa kidole na kujipangusa kwenye suruali. Akamwona anapaka pesti mpya juu ya prosesa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa wageni, ikafurika pembeni. Halafu akaona jambo lililomfanya anyanyue shingo. Kwenye ubavu wa kila feni ya namna ile kuna mshale mdogo unaoonyesha hewa inakoelekea. Hewa huingia kwa mbele ya kasha ikiwa ya baridi, ikapita katikati ya mapezi, ikatoka kwa nyuma na joto lake. Nyanda aliifunga feni ikiwa imegeuka. Mshale ulitazama mbele. Feni ya mbele ya kasha ilikuwa ikipuliza kuingia, na hii mpya ikipuliza kutoka, pepo mbili zikagongana kifua kwa kifua katikati, na joto likakaa palepale linatazama ugomvi.

Kisha kifuniko kikakataa kufunga. Mnara ulikuwa umetokeza nje karibu sentimita mbili.

"Hii inaachwa wazi, mama," Nyanda akasema bila kumtazama. "Ipate hewa."

Iachwe wazi. Bariadi, mwezi wa saba, msimu wa pamba, malori yanapita barabarani mchana kutwa na nyuzi nyeupe zinaelea hadi kwenye chai ya watu. Lukresia alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: feni umeigeuza. Maneno mawili tu, na kazi ya dakika tatu.

Akayameza.

"Waache," alijiambia. "Ichemke. Izime mbele ya wageni wao. Watakuja hapa wamekunja mikia, na mimi nitakuwa nakunywa chai." Wazo hilo lilimwingia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi. Joakim alipomgeukia na kumuuliza, "Unaionaje, dada?" alijibu, "Imependeza." Na kweli ilikuwa imependeza. Hata jeneza hupendeza.

Joakim hakuishia hapo. Akamwita seremala, akatengenezewa kabati la mninga lenye mlango wa kioo, kompyuta ikaingizwa humo ndani na mlango ukafungwa ili wageni waone taa zikibadilika. Kabati lenyewe lilisukumwa hadi chini ya dirisha la barabarani. Lukresia alipoliona siku ya kwanza ilibidi atoke nje acheke. Alikuwa hajawahi kuona watu wakijenga tanuru kwa furaha namna ile.

Wiki ya kwanza kompyuta ilizima mara moja. Joakim akasema ni umeme. Wiki ya pili ikazima mara mbili, akasema ni umeme tena, ingawa taa ya dari ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Lukresia alisonya kimoyomoyo akasubiri kuitwa. Hakuitwa.

Ijumaa ya wiki ya tatu, saa kumi jioni, Felisita, mtangazaji wa zamu, alikuwa anasoma matangazo ya vifo. Lukresia alikuwa kwenye korido na kikombe chake, anasikiliza kupitia redio ndogo iliyotundikwa mlangoni. Sauti ya Felisita ilikuja taratibu, kama desturi ya matangazo hayo.

"Familia ya Mwalimu Masunga Maige inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao kilichotokea jana. Habari ziwafikie dada wa marehemu, Milembe Maige, aliyeko Kimali, Meatu, pamoja na ndugu na marafiki wote. Mazishi yatafanyika kesho Jumamosi, saa saba mchana, huko..."

Kisha mvumo.

Lukresia alitazama saa yake. Hata hakusimama. Alimsikia Felisita akigonga kibodi, akamsikia Joakim akikimbia na viatu vyake vya ngozi, mlango wa kabati ukafunguliwa. Kompyuta ikawashwa, ikasimama dakika mbili, ikazima. Ikawashwa tena, ikazima. Ndipo Felisita akatoka koridoni, jasho usoni.

"Dada Lukresia, njoo basi!"

"Si mna mtaalamu?"

"Dada, nipo kwenye vifo!"

Alimalizia chai kwanza. Alipofika aligusa mapezi ya mnara, yakamchoma kidole. Yalikuwa yamevaa pamba iliyopenya kwenye tundu la nyaya, utando mweupe mzito kama blanketi la mtoto mchanga. Alichukua mfuniko wa ndoo akapepea, kama mtu anayepepea mkaa, hadi kompyuta ikakubali kuamka. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimepita. Wageni wa kipindi cha saa kumi na nusu walikuwa wamekaa tayari, na Joakim akaamuru kipindi kianze. Matangazo ya vifo yangerudiwa kesho asubuhi saa moja.

Yakarudiwa kweli. Na Lukresia alirudi nyumbani Ijumaa ile akiwa na furaha yake ndogo mfukoni, akalala vizuri.

Jumanne iliyofuata, kama saa nne asubuhi, mwanamke mzee aliingia kituoni. Alikuwa amevaa kanga mbili zilizojaa vumbi na kandambili za rangi tofauti, na kichwani amefunga kitambaa cheusi. Aliweka mfuko wake chini, akawasalimu wote waliokuwepo kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu," Felisita akaitikia, akamletea kiti. Mama hakukaa.

"Mimi ni Milembe Maige wa Kimali. Nimekuja kumuuliza aliyenikatia sauti."

Joakim alitoka ofisini akirekebisha tai. Milembe akaeleza, bila haraka, kwa Kiswahili chake kinachotembea juu ya Kisukuma. Simu ya nyumbani kwake ilikuwa ya mkwewe, na mkwewe alikuwa amesafiri nayo. Redio ndiyo iliyompa habari. Alisikia jina la kaka yake, akasikia la kwake, akasikia kesho saa saba, halafu redio ikakauka. Alikaa nayo mapajani hadi giza likaingia, ikatoa watu wanaozungumzia mbegu, haikurudi kwenye habari yake. Sasa, kaka yake alifundisha Nyalikungu miaka thelathini na nyumba yake ilikuwa hapo. Yeye angedhani wapi? Alfajiri akapanda bodaboda, akateremka, akapanda gari, akafika Nyalikungu saa tano. Akakuta mlango una kufuli na kuku wa jirani wanaoga vumbi kizingitini. Jirani akamwambia Mwalimu alikuwa amechukuliwa na mwanaye tangu mwezi wa tano, kwenda Mwamanyili, kuuguzwa.

"Kutoka pale hadi Mwamanyili mnakujua," Milembe alisema. "Nimefika saa kumi na moja. Wanakusanya majembe."

Felisita aliangalia sakafu.

"Tulikuwa wawili tu, tumbo moja," Milembe akaongeza. "Nilitaka kumwona uso."

"Pole sana, mama yetu," Joakim akasema, na akatengeneza sura ya msiba kwa ustadi. "Pole sana. Unajua, siku ile ilikuwa umeme. Umeme ulikatika. Sisi wenyewe tulihangaika mno."

Milembe aligeuka kutazama kabati. Taa zilikuwa zinageuka nyekundu, kijani, buluu.

"Hii ndiyo inayosema?"

"Ndiyo yenyewe, mama," Joakim akasema, na hata hapo hakuweza kujizuia. "Ya kisasa."

Lukresia alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Hakuwa amepanga kusema. Ila aliutazama ule uso wa Joakim, akakumbuka lile neno umeme, akahisi dharau, na dharau hiyo haikuishia kwa Joakim. Ilizunguka chumba ikarudi kwake.

"Haukuwa umeme, mayu," alisema. "Mashine ilichemka ikazima. Feni yake imefungwa kinyume. Hewa haitoki."

Joakim alimtolea macho. "Dada Lukresia!"

"Imefungwa kinyume tangu siku ya kwanza. Nilikuwepo. Niliona."

Milembe akamgeukia polepole. "Uliona?"

"Niliona."

"Ukasema?"

Lukresia alitafuta jibu kwenye kichwa chake, kichwa kilichokuwa na majibu ya kila mtu kwa miaka kumi na tisa. "Sikusema."

"Kwa nini?"

Angemwambia nini? Kwamba alitaka waaibike? Kwamba alikuwa anasubiri kubembelezwa? Mama yule hakungoja jibu.

"Huyu," Milembe akasema, akimwonyesha Joakim kwa kidevu, "hajui kitu. Ukimtazama tu unaona. Mtu asiyejua namwachia Mungu." Akamtazama Lukresia kuanzia kichwani hadi viatuni, bila hasira yoyote, kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani na kuamua hamnunui. "Wewe ulikuwa unajua."

Akaokota mfuko wake akatoka. Hakuaga. Kwa mwanamke wa rika lile, aliyewasalimu wote alipoingia, kuondoka bila kuaga kulikuwa zaidi ya tusi.

Lukresia hakungoja ruhusa. Alizima kompyuta mchana kweupe, katikati ya muziki, akaifungua. Joakim alikuja juu, akasema wasikilizaji, akasema makao makuu, akasema kabati. Lukresia alikuwa na bisibisi mdomoni na hakuitoa ili kumjibu. Mnara ule ungeweza kugeuzwa feni, ndiyo, lakini kimo chake kisingepungua kwa kugeuzwa, na kasha lisilofungika katika mji wa pamba ni mtego wa uchafu. Akauvua. Stoo alikuwa na maiti za kompyuta sita. Akachukua rula, akapima feni zao moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa fupi mno, za mashine ndogo, zisingebeba joto la prosesa hii. Ya tatu, kuukuu lakini nzima, ilikuwa na mapezi mapana na moyo wa shaba, kimo sentimita kumi na moja, feni yake ikipuliza chini kuelekea kwenye prosesa na kupoza hata vile vidude vinavyoizunguka. Akaiosha kwa spiriti. Akaweka pesti kiasi cha punje ya choroko, katikati, basi. Feni ya nyuma ya kasha akahakikisha mshale wake unatazama nje. Kifuniko kikafunga kwa mlio mmoja.

Kasha hakulirudisha kabatini. Aliliweka juu ya meza, mbali na dirisha la barabarani, nyuma yake akaacha nafasi ya mkono mzima kutoka ukutani. Kisha akamwomba Felisita soksi ndefu ya nailoni, akaikata, akaivuta mbele ya kasha pale hewa inapoingilia, ikawa chujio la pamba la kufua kila Jumamosi. Akawasha. Awali, kabla ya kuzima, ilikuwa inafika nyuzi joto tisini na nane. Saa moja baadaye ilikuwa hamsini na sita, na ikabaki hapo.

"Na taa?" Joakim akauliza.

Hilo ndilo lililomtoka mtu yule, baada ya yote aliyoyasikia asubuhi ile. Lukresia alishindwa hata kusonya.

Kesho yake alipewa barua ya onyo kwa kuzima mitambo bila idhini, yenye makosa manne ya tahajia. Akaisaini. Mnara wa taa Joakim aliuhamishia mezani kwake, Nyanda akaja kutoka Mwanza kumwunganishia waya, na tangu hapo unawaka mbele yake unampulizia tumbo huku anasaini barua nyingine. Kompyuta haijazima tena, hata mwezi wa kumi, jua lilipokuwa likipasua vigae.

Lakini moyo wa Lukresia haukutulia. Alizoea kudharau watu huku yeye amekaa juu, na sasa kila alipotaka kupanda pale juu alikuta mama wa Kimali ameshakaa. Alivumilia wiki tatu. Jumapili ya nne, baada ya misa, alinunua sukari kilo mbili na kanga nyeusi, akasafiri kwenda Kimali.

Alimkuta Milembe uani anapepeta choroko. "Mwadila, mayu," akasalimu, akapiga goti kidogo. Milembe aliendelea kupepeta. Ungo ulipanda ukashuka, maganda yakaruka yakamwangukia Lukresia kifuani. Baada ya muda mrefu ndipo akaitikia, na hakumwonyesha kigoda.

"Umekuja kunipa pole, au kujipa pole?"

Lukresia alikuwa ameandaa maneno njia nzima. Yote sasa aliyaona ni ya Joakim. "Sijui, mayu," akasema.

"Weka huo mzigo hapo."

Akaweka. Akasimama juani kama robo saa, mwanamke wa miaka arobaini na sita mwenye cheti cha ufundi, mikono mbele, hadi choroko zilipokwisha. Milembe akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati, akampa. Hakuna aliyekuwa amemsamehe mtu. Ilikuwa jua kali tu, na mgeni ni mgeni. Lukresia akanywa, akashukuru, wabeja, akarudi barabarani. Njiani alijikuta anatarajia kujisikia mwepesi, akajidharau kwa hilo.

Jumatatu yake kituo kilipokea jenereta mpya. Joakim alikuwa ameshawaelekeza vijana waliweke chini ya dirisha la studio, bomba la moshi likitazama ndani. Lukresia alisimama katikati ya ua, bado hajaweka mkoba chini.

"Meneja, hapo moshi utaingia studio. Utamwua Felisita."

"Dada Lukresia, kila mtu afanye kazi yake."

Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, mbele ya vijana, dereva na wateja wawili waliokuwa wameleta matangazo. Joakim akaingia ofisini akafunga mlango. Lukresia akavua viatu, akashika upande mmoja wa jenereta, akawaambia vijana washike upande mwingine.